Mzee Hakuganda

Kwanza liwekwe wazi jambo moja: mzee hakuganda. Ile video mliyotumiana kwenye makundi ya ukoo na ya kamati za harusi, ya mzee aliyepakata enanga macho yamemtoka na mdomo uko nusu wazi, na chini yake mtu kaandika "mtandao wa Kagera huo", haikuganda hata kidogo. Mtandao ulikuwa mzima. Simu ilikuwa nzima. Mzee mwenyewe alikuwa mzima wa afya, tena alikuwa kazini, akiifanya kazi yake kama alivyofundishwa. Alikuwa anasubiri kujibiwa.

Anaitwa Protase Kyaruzi, wa Kamachumu, wilayani Muleba, mkulima wa ndizi na kahawa. Enanga ni ubao mrefu uliochongwa shimo katikati na kufungwa uzi mmoja unaokwenda na kurudi. Mpigaji huuweka mapajani na kuuchezesha kwa vidole vyote huku akisimulia. Protase husimulia habari za watawala wa zamani, ng'ombe walioibwa, na wanawake waliokataa kuozwa kwa nguvu. Lakini hawezi kuanza mpaka waliokaa wamruhusu. Yeye husema, "Nkaija nabona," yaani nilikuja nikaona. Wao humjibu, "Bona tulole," ona, nasi tutazame. Bila jibu hilo hakuna simulizi. Msimulizi akiendelea bila kujibiwa atakuwa anaongea peke yake, na watu wanaoongea peke yao pale Kamachumu wanajulikana kwa majina.

Mtu wa kwanza kumjibu maishani alikuwa dada yake mkubwa, Anatolia. Protase alipokuwa mtoto anajifunza, enanga yake ilikuwa inakwaruza masikio kiasi kwamba hata mbwa aliondoka uani. Anatolia hakuondoka. Alikaa jikoni akimenya ndizi, na kila mdogo wake aliposema maneno yake ya kuanzia, alimjibu kwa sauti iliyofika kibanja cha tatu, shamba la migomba la jirani wa mbali. Baadaye aliolewa akahamia Dar es Salaam, lakini kila alipokuja Krismasi watu walimwachia yeye ajibu kwanza. Hakuna aliyepanga hivyo. Ilikuwa tu hivyo.

Mwaka huu koo la Anatolia lilivimba. Madaktari wa Dar wakampima, wakamlaza, wakampangia upasuaji siku ya Jumanne, wakamwambia ukweli bila kuuzungusha: uvimbe umeuzingira mshipa wa sauti. Watajitahidi kuuokoa, lakini ajiandae, huenda akaamka hana sauti tena. Mpaka siku hiyo aongee kidogo, kwa upole, asilichoshe koo. Anatolia akampigia simu mdogo wake kumweleza, na hakulia. Alisema anataka kumjibu mara moja, mbele ya watu, na watu wasikie kwamba ni yeye aliyejibu. Baada ya hapo wakate wanachotaka.

Protase alitaka kupanda basi kesho yake aende Dar. Dada yake akamkatalia, akasema kusimuliwa peke yake wodini ni kubembelezwa, na yeye bado hajafikia kubembelezwa. Je, kwa simu basi? Kwa simu hayo ni maongezi, alisema Anatolia. Alitaka simulizi yenyewe, yenye watu.

Hapo ndipo binti wa Protase, Joyness, fundi cherehani mwenye akili ya haraka, alipomkumbuka Najibu. Huyu Najibu ni kijana wa Bukoba mjini, ana ukurasa mtandaoni unaofuatwa na watu wengi, na kila Jumamosi anarusha wanamuziki mubashara kutoka studio yake ya Nyanga. Wahaya walioko Dar, Mwanza na nchi za baridi humtazama kwa maelfu. Joyness akamfuata, akamweleza habari yote, kuanzia enanga mpaka koo. Najibu akasikiliza, akasema hilo jambo dogo. Kuna namna ya kumuunganisha mtazamaji mmoja akaingia hewani, akaonekana na kusikika kama yuko chumbani. Shangazi wa Dar atakaa kwenye nafasi hiyo. Mzee akisema maneno yake, yeye atajibu, dunia nzima isikie. Aliahidi kwa mdomo wake mwenyewe. Akaongeza kwamba hiyo ni kontenti nzuri sana.

Protase alimuuliza binti yake kontenti ni nini. Joyness akasema ni kile kinachowekwa ndani. Ndani ya nini? Joyness akasema, Baba, twende tu.

Wakaenda. Jumamosi asubuhi Protase alivaa kanzu iliyopigwa pasi na mkewe Elieth, akaifunga enanga katika kitenge, akaipakata njia nzima mpaka wamepita Kemondo na kuingia mjini. Alikuwa na furaha, tusimnyime hilo. Alimwambia kila aliyekaa karibu naye kwamba leo anakwenda kujibiwa na dada yake kutoka Dar.

Studio ya Najibu ilikuwa chumba kimoja katika nyumba iliyozungukwa na migomba, na kuta zake zote zilikuwa zimebandikwa trei za mayai kuanzia sakafuni hadi darini. Protase akauliza kuku wamehamishiwa wapi. Najibu akacheka, akaeleza kwamba trei hizo humeza sauti, isitoke nje wala isiingie ndani. Alikuwa na adabu ya juu juu, kijana wa watu, anamwita kila mtu legendi. Kisha akatoa mfuko.

Ndani ya mfuko mlikuwa na kitambaa cha madoa ya chui na kofia ya manyoya ya kuku. Najibu akasema ni vazi la asili, watazamaji wanalipenda. Hapo ndipo damu ya Protase ilipoanza kuchemka. Asili ya nani? Babu yake alikuwa katekista, alivaa kanzu mpaka alipozikwa nayo, na katika ukoo wake wote, kwa kadiri ya kumbukumbu ya mtu yeyote, hakuna aliyewahi kujibandika kuku kichwani. Alisema hivyo taratibu, akaurudisha mfuko. Najibu akasema sawa, legendi, tutafanya na kanzu.

Lakini hakuishia hapo. Alitaka simulizi ikatwe, ianzie kwenye vita, kwa sababu watu wa mtandaoni hawana subira. Alitaka mzee akae mbele ya bango kubwa lenye picha ya godoro, mali ya Rutaihwa, mwenye duka la magodoro, ambaye ndiye mdhamini. Alitaka watu wote watoke chumbani, maana mtu akikohoa tu sauti inachafuka. Joyness akamweleza kwamba enanga haipigiwi chumba kitupu, kwamba yeye mwenyewe humjibu baba yake nyumbani na angeweza kukaa pembeni kimya. Najibu akasema hapana, sauti lazima iwe safi. Akamtoa nje kwa heshima, akafunga mlango, ambao nao ulikuwa umebandikwa trei.

Protase akabaki amekalia kigoda, taa ya duara ikimuunguza macho. Simu ilikuwa juu ya stendi, mgongo wake ukimwelekea yeye na uso wake ukimwelekea Najibu. Akauliza amwangalie nani. Najibu akamwonyesha kitobo kidogo mgongoni mwa simu, akasema angalia hapo, hapo ndipo walipo watu wote. Protase akauliza sauti ya dada yake itatokea wapi. Najibu akamwonyesha spika iliyokuwa juu ya meza. Halafu akamwomba kitu kimoja: wakishakuwa hewani, asizungumze naye wala kumuuliza chochote, maana watazamaji hawapendi kuona mambo ya jikoni. Protase akakubali. Mtu ukiwa kwa watu unafuata taratibu za kwao.

Wakaingia hewani. Najibu akapiga kelele za kukaribisha, akamshukuru mdhamini, kisha spika ikakoroma na sauti ya mtu ikatoka. Protase akainua kichwa. Ilikuwa sauti ya mwanamume. Alikuwa Rutaihwa, ameunganishwa kwenye ile nafasi moja, anawasalimu wateja wake na kuwaeleza tofauti ya godoro linalobonyea na lisilobonyea, jinsi mgongo unavyoharibika kwa kulala ovyo, na kwamba mzigo mpya umeingia. Alieleza, akaeleza. Protase akavumilia, maana hata kwenye harusi kuna mjomba wa namna hiyo. Alijua mtu huyo atamaliza na nafasi itarudi kwa mwenyewe.

Rutaihwa akamaliza. Najibu akamwashiria mzee aanze.

Akaanza, na hata wanaomcheka leo hawawezi kusema alianza vibaya. Vidole vilitembea juu ya uzi, enanga ikalia ile sauti yake ya chini inayokaa kifuani, na watu waliokuwa wanatazama wakaanza kuwaita wenzao. Idadi ikapanda. Protase akapiga mpaka moyo wake ukatulia, kisha akaubana uzi kwa kiganja, akaelekea kwenye kile kitobo, akasema, "Nkaija nabona."

Chumba kikanyamaza. Trei zikameza hata kule kunyamaza. Akaitazama spika, haikusema kitu. Akarudisha macho kwenye kitobo. Alimfikiria dada yake, koo limevimba, pengine anakusanya nguvu. Akasema moyoni, mpe muda. Akakaa vile vile, kiganja juu ya uzi, mdomo tayari kwa neno la pili, akisubiri.

Najibu akazungusha mkono hewani kumwambia aendelee. Protase hakuendelea. Najibu akazungusha mikono yote miwili. Protase akamwona, akamdharau, akaendelea kusubiri.

Sasa sikieni kilichokuwa upande wa pili. Nje, upenuni, Joyness alikuwa anatazama kwenye simu yake, na alichokiona kilimtia wazimu. Watu walikuwa wamejibu. Mara tu baba yake alipofunga mdomo, walianza kuandika, mmoja baada ya mwingine, bona tulole, bona tulole, kutoka Mwanza, Dar, Karagwe, na nchi ambazo watu wake wakati huo walikuwa wamevaa makoti. Wengine kwa herufi kubwa. Wengine waliandika kwamba hawajalitamka neno hilo tangu mama zao wafariki. Wote walimjibu mzee, na majibu yalikuwa yanapanda usoni mwa simu, mbele ya macho ya Najibu, na mzee anautazama mgongo wake.

Ile nafasi ya kuunganishwa ilikuwa bado imekaliwa na Rutaihwa. Alikuwa amemaliza kuongea lakini hakutoka. Picha yake ilionyesha dari la duka. Najibu alikuwa anaona ombi la Anatolia likigonga, likigonga tena. Kumwingiza ilibidi amtoe mdhamini. Hakumtoa.

Joyness akaugonga mlango kwa ngumi, kisha kwa kiatu. Trei zilifanya kazi yake vizuri sana, ndani halikusikika hata pigo moja. Kwenye simu, wale wasiojua desturi wakaanza kuandika kwamba picha imeganda. Wengine wakashauriana kutoka na kuingia upya. Wengine wakatukana kampuni za simu. Watu wakaanza kuondoka kwa mamia. Mwishowe Najibu akaweka tangazo la godoro juu ya sura ya mzee, akasema kwa sauti ya huzuni ya kuigiza, "Samahani sana ndugu watazamaji, tuna tatizo la mtandao kutoka huku." Kisha akazima.

Mlango ulipofunguliwa, Protase alikuwa bado amekalia kigoda. Hakupandisha sauti.

"Dada yangu ulimweka wapi?"

"Legendi, mdhamini alikuwa kwenye nafasi," alisema Najibu. "Ningemtoaje mdhamini hewani? Wewe ungeendelea tu. Yale maneno ya mwanzo hakuna anayeyajali."

Joyness akaingia, akampa baba yake simu. Protase akatoa miwani mfukoni mwa kanzu, akasoma. Alisoma taratibu, akisogeza kidole, jina kwa jina, bona tulole kwa bona tulole. Alisoma kwa muda mrefu sana, na Najibu akaanza kukunja nyaya zake. Kisha mzee akainua uso.

"Walinijibu," alisema. "Hawa wote walinijibu, na wewe ulikuwa unawaona."

"Mimi Kihaya sikijui, mzee wangu. Nilidhani ni salamu."

"Hata ingekuwa salamu, unamnyima mtu salamu yake? Na ukawaambia ni mtandao."

Najibu akasema mambo ya laivu ndivyo yalivyo, waje Jumamosi ijayo warudie. Jumamosi ijayo. Aliambiwa habari ya Jumanne, aliambiwa habari ya koo, akasikiliza kwa masikio yake mawili, na bado aliweza kusema Jumamosi ijayo. Protase akaifunga enanga yake katika kitenge, akatoka bila kuaga, na kwa mtu wa malezi yake kutoka bila kuaga ni tusi zito.

Barabarani akampigia dada yake aombe radhi. Aliyepokea alikuwa mwanamke mwingine, Asha, wa kitanda cha jirani, mzaliwa wa Tanga, na alikuwa na hasira kuliko hata yeye.

Anatolia alimjibu, Asha alisema. Alidhani ameshaunganishwa, akajibu mara ya kwanza kwa sauti yake ya kawaida, akatabasamu. Akaona kaka anamtazama tu kwenye kioo, hasemi. Akadhani hakusikia, akajibu tena, kwa nguvu. Akaiweka simu mdomoni, akajibu. Akasimama kando ya kitanda, akajibu kwa sauti ambayo Asha hakujua mgonjwa wa koo anaweza kuwa nayo. Wanawake wa wodi wakauliza ni sala gani hiyo, akawafundisha, wakajibu naye wote, wakidhani wakiwa wengi simu itasikia. Mpaka tangazo la godoro linatokea, sauti ilikuwa imekauka kabisa. Daktari alikuja, akakasirika, akasema koo limeumuka, asitamke neno hata moja mpaka Jumanne. Akitamka, upasuaji utaahirishwa, na kile kidogo kilichokuwa na matumaini ya kuokolewa kitapotea.

"Tulikuwa tunakuitikia, kaka," alisema Asha. "Wodi nzima ya watu wazima wagonjwa, tunakuitikia, na wewe umetukodolea macho tu."

Alimpa Joyness simu.

Jumapili alikwenda misa lakini hakupokea komunyo. Alikuwa na hasira na mtu, na hakuwa na nia ya kuiacha, na hakutaka kumdanganya Mungu. Alipotoka kanisani akaona vijana wanacheka na simu zao, wakimwona wanazificha. Mmoja akashindwa kuficha. Najibu alikuwa amekata kile kipande cha kusubiri, amekipeleka mtandaoni peke yake, mwanzo wake umeondolewa na majibu yote yameondolewa, na duka la Rutaihwa limekichukua na kuandika juu yake: ukilala kwetu hutataka kuamka. Watu walikuwa wamekitazama kuliko walivyotazama laivu yenyewe. Yaani mtu anakunyang'anya sauti ya dada yako, halafu anachukua sura yako ukiwa unamsubiri huyo dada, anauzia godoro. Sijui watu kama hao wanalalaje, hata hayo magodoro yakiwa mazuri.

Joyness alikuwa na hasira pia, lakini hasira yake ilikuwa ya mtu wa cherehani. Ilitaka kushona kitu. Akasema, Baba, tufanye wenyewe, leo hii, hapa hapa. Protase akasema hataki tena kuongea na kitobo. Joyness akasema hutaongea na kitobo. Mama atakaa nyuma ya simu, utamtazama yeye. Protase akamwangalia Elieth, na Elieth akasema kumtazama yeye haijawahi kumdhuru.

Wakajaribu kwanza, jambo ambalo Najibu hakulifanya. Joyness aliiacha simu sebuleni kwa baba yake, akatoka na nyingine mpaka kwenye mibuni asikilize inavyofika. Mara ya kwanza enanga ilisikika kama mbu na sauti ya baba ikawa mbali. Akarudi, akaisogeza simu karibu. Enanga ikammeza msimulizi. Akarudi tena, akaiweka simu juu ya kikapu cha kuchumia kahawa kilichopinduliwa, usawa wa kifua, kioo chake kikimwelekea baba yake, imeelemea upande wa mdomo, akatoka, akasikiliza, akarudi anatabasamu. Akamgeuza baba yake aelekee mlangoni, mwanga wa mchana umpige usoni, ile taa ya kuunguza macho isihitajike. Akaitazama mvua iliyokuwa inajikusanya upande wa ziwa na kusema lazima waanze kabla haijapiga bati.

Kisha akawapanga watu. Majirani walikuwa wamejaa, wengine kwa mapenzi, wengine wamekuja kumwona mzee wa video. Mwalimu mstaafu Kahangwa akapewa simu ya pili na kazi ya kusoma kwa sauti kila aliyeandika, jina lake na mahali alipo, maana mtu akisikia jina lake linasomwa Kamachumu hawezi kuondoka. Joyness akawaeleza pia kwamba sauti ya Dar inachelewa njiani kidogo. Watu wa nyumbani wakijibu papo hapo wataifunika. Kwa hiyo mkijibu, mjibu baada ya Dar. Nafasi ya kuunganishwa ni ya Anatolia, hata akae kimya, haipewi mtu mwingine, hata aje askofu.

Waliotazama kwenye ukurasa wa Joyness hawakufika hata robo ya wale wa Jumamosi. Kahangwa akawasoma wote. Kisha picha ya wodi ikafunguka: Asha ameshika simu, ni saa ya kutazama wagonjwa, muuguzi amekubali kwa sharti kwamba wasipige kelele. Na Anatolia ameketi kitandani, kitenge shingoni, anamtazama mdogo wake. Akanyoosha kidole kwenye mdomo wake, kisha akakielekeza kwenye simu. Elieth, aliyekuwa anachungulia kwenye simu ya Kahangwa, akaelewa, akaweka mkono kifuani. Protase naye akaelewa. Alikuwa anamwambia kwamba atajibu.

Alikuwa anaweza kumwachia ajibu. Ndicho alichokitaka yeye, ndicho alichokitaka dada yake, na watu walikuwa wameshakaa. Akauacha uzi bila kuugusa.

"Dada, usinijibu," alisema. "Jana nilikaa nasubiri ruhusa yako, kumbe umeshaitoa mpaka sauti ikakukauka. Yule kijana nitamkasirikia mpaka nizikwe, lakini mimi nami ningeweza kufungua mdomo nikauliza uko wapi. Sikuuliza. Leo nasimulia bila kujibiwa. Wakisema naongea peke yangu kama mlevi, waseme."

Anatolia akatikisa kichwa kukataa. Protase hakumpa muda. Akapiga enanga kwa kifupi, akasema, "Nkaija nabona," na bila kuvuta pumzi akaingia kwenye simulizi, akataja jina la mtawala na jina la ng'ombe wake, akaanza kueleza asubuhi ile ilivyokuwa.

Hapo ndipo sauti ya Dar, iliyochelewa njiani, ikaangukia katikati ya sentensi yake. Walikuwa wanawake wa wodi, wote, wa Tanga, wa Lindi, wa Singida, na muuguzi aliyekataza kelele naye yumo, wanajibu kwa ndimi zilizopinda, huyu "bona turore", yule "bona tulale", na Asha akiwa juu yao wote. Protase akakatika. Nyumba ikacheka, na mzee mmoja wa nyuma akapiga makofi.

"Kaka, umetutangulia," alisema Asha. "Rudia tuitikie vizuri. Yeye tumemkataza, sisi hatujakatazwa."

Protase akamtazama mkewe nyuma ya simu, akafuta uso kwa mkono wa kanzu, akaubana uzi. "Nkaija nabona," alisema, na safari hii akasubiri. Jibu likaja kutoka wodini, likaijaza sebule, na nyumba ikajibu baada yake kama walivyoelekezwa. Anatolia alikuwa katikati ya wenzake, machozi yanamtiririka, ameubana mdomo wake kwa viganja vyake vyote viwili ili asijibu.

Protase akaanza kusimulia.